Uzi: Bourbon laini ya kupeleka kwa bakwe, chupa tatu za bei tatu

MkweMpya_Kamalondo
Bonjour wote. Mwezi ujao tunaenda kutoa mahari Katuba, hapa Lubumbashi. Orodha ya bakwe (wakwe zangu) ilifika wiki jana: mbuzi wawili, vitenge, suti ya baba na ya mjomba, kreti za bia ya Simba, soda, chumvi, sukari. Hayo yote nilikuwa nayangoja. Lakini chini kabisa, kwa mwandiko mwingine (nadhani mjomba wa mchumba wangu aliongeza mwenyewe), wameandika: "whisky ya Marekani isiyochoma, chupa tatu".

Mimi ni mtu wa bia ya Tembo. Whisky naionja kwenye harusi na matanga tu, na kila mara ni kama nimemeza brashi ya waya. Nilichopanga: chupa moja ya bei ndogo izunguke kwa wazee wote, moja ya katikati ya baba mkwe, na moja nzuri ya huyo mjomba, maana alifanya kazi Kitwe, Zambia, miaka mingi na anasema anajua vinywaji.

Nimepita magazini (maduka) mbili mjini. Ya kwanza wananiambia chukua Jack Daniel's, hiyo ndiyo bourbon. Ya pili wananiambia hiyo si bourbon hata kidogo. Nani anasema kweli? Na laini ni ipi?

Katuba_Damu
Watu wa Katuba hatuchomeki. Lete lutuku tu, pombe yetu kali ya kienyeji.

Barmani_Golf
Mdogo wangu MkweMpya, nimesimama nyuma ya kaunta miaka 11, kwa hiyo uniachie niandike kirefu.

Tuanze na ugomvi wa magazini zako. Bourbon ni whisky ya Marekani yenye sheria zake. Katika nafaka zake, mahindi lazima yafike angalau asilimia 51. Pipa liwe la mwaloni, jipya, na ndani liwe limeunguzwa kwa moto mpaka limeshika mkaa. Ikiingia pipani isizidi asilimia 62.5 za alkoholi, ikitiwa chupani isishuke chini ya 40. Hairuhusiwi kutiwa rangi. Ule wekundu wote umetoka kwenye mbao. Watu wanadhani lazima itoke Kentucky. Hapana, inaweza kutoka jimbo lolote la Marekani, ila sehemu kubwa sana inatoka huko.

Jack Daniel's inatoka Lynchburg, Tennessee. Inafuata karibu masharti yote hayo, lakini kabla ya kuingia pipani inachujwa polepole kwenye mkaa wa maple, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Wenyewe wameandika kwenye lebo "Tennessee Whiskey". Kwa hiyo magazini ya pili walikuambia kweli, na ya kwanza walitaka kuuza walichokuwa nacho.

Sasa hiyo "isiyochoma". Nguvu ya alkoholi inachangia, umri mdogo unachangia, hayo kila mtu anayajua. Kinachosahaulika ni nafaka ya pili. Mahindi yanaleta utamu, kimea cha shayiri kinasaidia kuchachusha. Kati ya hivyo viwili, viwanda vingi vinatia rai, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo shuleni tuliisoma kama seigle. Hiyo ndiyo yenye mwasho wa pilipili manga na karafuu. Vichache vinaiacha rai na kutia ngano. Ngano haina kelele. Inakaa nyuma, inaacha utamu wa mahindi na vanila ya pipa vizungumze. Maker's Mark ni ya ngano. Larceny ni ya ngano. Weller pia. Mteja akiniambia hataki kuchomwa, namwekea ya ngano kabla sijamwuliza ana dola ngapi.

Kwa bei, nakwambia nilizolipa mimi, maana ukivuka barabara utapewa nyingine. Chini ya dola 25 kuna Jim Beam ya lebo nyeupe, imekaa pipani miaka 4, ina asilimia 40. Haikupi sifa wala haikuaibishi. Evan Williams nyeusi, asilimia 43, naipenda kuliko hiyo, lakini hapa Lubumbashi nimeikuta mara mbili tu. Ukifika dola 30 mpaka 50 unakutana na Maker's Mark na Buffalo Trace, zote 45. Hapo ndipo pesa yako inafanya kazi kweli. Ukivuka hapo kuna Woodford Reserve, Knob Creek ya miaka 9, Four Roses Single Barrel. Nzuri zote, ila hizo mbili za mwisho zina asilimia 50. Usimpe mzee aliyesema "isiyochoma" ukaondoka mezani.

Kahawa_Bukavu
Naingia kwa mlango wa nyuma. Kwetu Kivu ukisema Bourbon, mtu anakuonyesha shamba la kahawa. Nimesoma kichwa cha uzi nikadhani mnapeleka kahawa kwa bakwe, nikasema sawa, watu wa Lubumbashi sasa wamestaarabika.

Barmani_Golf
Haha. Jina moja, safari mbili. Kahawa yenu ilipata jina kwa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni La Réunion, na ndiyo maana kuna vanila ya Bourbon pia. Hii ya chupa, wengine wanasema ni kwa ajili ya wilaya ya Bourbon kule Kentucky, wengine wanasema ni mtaa wa Bourbon wa New Orleans. Ukichimba, yote yanarudi kwa ukoo ule ule wa wafalme wa Ufaransa.

Vieux_Kipushi
Vijana, mnanifurahisha. Mahindi, mahindi, mahindi. Na lutuku ni ya nini? Mama yangu alitusomesha kwa lutuku ya mahindi, pipa la chuma, bomba la shaba, maji ya kupozea, usiku kucha. Kama hiyo bourbon ni mahindi na lutuku ni mahindi, kwa nini moja inauzwa dola 40 na nyingine kwa kikombe? Nijibuni kwa heshima, mimi ni mzee.

Barmani_Golf
Kwa heshima zote, papa. Swali lako ndilo swali lenyewe.

Bourbon ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji, kama tu ya mama. Tofauti inaanza pale. Kiwandani, ule mkupuo wa kwanza wenye harufu ya gundi unatengwa, na ule wa mwisho wenye harufu mbaya unatengwa pia. Kinachokwenda pipani ni katikati. Kwetu mama mwangalifu anafanya hivyo, lakini mwenye haraka anachanganya vyote, na kesho yake kichwa kinakuambia ulikunywa kwa nani.

Halafu pipa. Kentucky kiangazi ni cha joto kali na baridi inafika ya barafu. Joto likija, kinywaji kinaingia ndani ya mbao; baridi ikija, kinatoka kikiwa kimebeba sukari iliyoungua, vanila, rangi. Kinaingia na kutoka hivyo miaka minne, sita, tisa. Na kila mwaka kiasi fulani kinayeyukia hewani. Wenyewe wanakiita fungu la malaika. Pipa ni kama lita 200, na sheria inataka liwe jipya kila mara. Likishatumika, mengi yanauzwa Scotland wakazeeshe scotch yao humo. Sasa papa, lutuku ya mama ilikaa siku ngapi kabla ya kunywewa?

Vieux_Kipushi
Siku? Haikuwa inafika asubuhi.

Mama_Kasumbalesa
Mmezungumza ladha vizuri, baba zangu, lakini huyu mtoto atauziwa maji ya rangi wakati ninyi mnahesabu ngano. Mimi nafanya biashara ya kuvuka mpaka, si ya pombe peke yake, na nimeona mengi.

Mwaka juzi nilinunua chupa ya Marekani katika duka moja, silitaji, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Nilipofungua, kifuniko kilizunguka kimya kimya. Hakikulia ile "krak". Nilipoonja, ilikuwa spiriti na sukari iliyoungua. Nimerudi dukani, wananiambia "mama, umeshafungua". Tangu siku hiyo nafungua mbele ya muuzaji au sinunui.

MkweMpya, ukishika chupa, angalia pete ya kifuniko kama haijakatwa na kubandikwa tena. Igeuze kichwa chini, uone kama inavuja. Chukua mbili za aina moja uzilinganishe: lebo imenyooka? Kinywaji kimefika mahali pale pale shingoni? Maker's Mark ina nta nyekundu iliyochovywa juu ya shingo, na kila chupa inadondoka kivyake, maana inachovywa kwa mkono. Ukiona chupa tatu nta inafanana kabisa kama mapacha, jiulize. Na bei ikiwa nusu ya mahali pengine, usiseme umebahatika.

Mkimaliza sherehe, vunjeni chupa tupu. Wale wanaozinunua hawaweki maua.

Barmani_Golf
Mama amesema. Na hata Wamarekani walipitia humo humo. Zamani whisky iliuzwa kwa pipa, na kila mwenye duka alichanganya alivyotaka. Mwaka 1870 George Garvin Brown, aliyekuwa akiuza dawa, alianza kuuza Old Forester kwa chupa zilizofungwa peke yake, ili mnunuzi awe na hakika. Mwaka 1897 serikali yao ikatoa sheria ya Bottled-in-Bond: kiwanda kimoja, msimu mmoja, ghala la kulindwa, si chini ya miaka 4, asilimia 50 kamili. Mpaka leo ukiona maneno hayo kwenye chupa ya bei ndogo, jua kilicho ndani kina nidhamu, ingawa nguvu yake si ya mchezo.

LikasiMotoMoto
Sasa nimechoka kusoma "laini, laini". Mnamfundisha kijana kunywa juisi. Wild Turkey 101! Asilimia 50.5 na inateremka vizuri kuliko hiyo Jim Beam yenu ya 40. Niambieni nimekosea.

Barmani_Golf
Hujakosea, na hapo nakupa haki. Nguvu na ukali havifanani. Ile imekaa pipani muda wa kutosha na mafuta ya nafaka yamejaa mdomoni, kwa hiyo inapita kama uji wenye moto ndani. Wakati kuna za 40 zilizoongezwa maji mengi mpaka zimebaki na mchomo mtupu, hakuna kitu nyuma yake. Ile namba 101 wanayoandika igawe kwa mbili upate asilimia.

Lakini kumbuka, wewe umezoea. Mjomba wa watu akipewa 101 bila maji mbele ya ukoo mzima, akikohoa, mahari inapanda.

LikasiMotoMoto
😂 Sawa, hapo nimenyamaza.

Shemeji_wa_Joburg
Niko Johannesburg, niongeze kitu ambacho huko hamkiangalii. Afrika Kusini sheria haikubali whisky chini ya asilimia 43. Kwa hiyo chupa ile ile, lebo ile ile, iliyopanda lori kutoka huku inaweza kuwa na 43, na iliyopita Dubai au Ulaya ikawa na 40. Hata ujazo: huku ni mililita 750, ya Ulaya ni 700. Hata Woodford Reserve, ya Marekani yenyewe ina 45.2 na ya Ulaya 43.2. Nyote mnaobishana kwamba "ya mwaka jana ilikuwa kali kuliko hii", someni maandishi madogo.

Na kwa hao wanaotaka kutamba: msimtafutie mjomba Blanton's. Ni nzuri, sikatai. Ilitoka mwaka 1984, ndiyo ya kwanza kuuzwa kibiashara kama bourbon ya pipa moja moja, ina 46.5, na kizibo chake kina farasi mwenye mpanda farasi, viko vya aina nane vyenye herufi za jina. Watu wananunua ili wamalize herufi! Bei yake leo inalipia farasi. Pappy Van Winkle ndiyo usiseme, maelfu ya dola kwa chupa, wakati inatengenezwa kwa mchanganyiko wa nafaka ule ule wa Weller, kiwanda kile kile cha Buffalo Trace kule Frankfort, Kentucky. Miaka pipani ndiyo imezidi, na mapipa yenyewe ni machache.

Mama_Kasumbalesa
Herufi za farasi. Wanaume.

MkweMpya_Kamalondo
Merci sana kwa wote. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nikisoma vizuri: Jim Beam kwa wazee, Maker's Mark kwa baba mkwe, na ya mjomba sijaamua kati ya Woodford na Four Roses Single Barrel. Pia kuna ile ya asali, nimeiona rafuni, si ndiyo laini kuliko zote?

Barmani_Golf
Ya asali ni liqueur, imetiwa asali na nguvu imeshushwa mpaka karibu na 35. Tamu, ndiyo. Lakini mjomba aliyekaa Kitwe akiiona atakuuliza kama umemletea dawa ya kikohozi.

Chukua Woodford. Ina rai ndani, kwa hiyo kuna kapilipili kadogo, ila inakuja na kakao na chungwa lililokauka, na chupa yake ni pana, inasimama mezani kama mtu mwenye cheo. Four Roses Single Barrel mimi mwenyewe ndiyo ningeibeba nyumbani, lakini ile 50 inahitaji mtu anayeweka maji bila aibu. Kuhusu maji: chupa ya maji safi iwe mezani, isiyo baridi. Matone machache tu yanafungua harufu na kupunguza mchomo kuliko barafu. Barafu inaua ladha, na kwa umeme wa Katuba sijui kama utaipata. Michopo iwe karibu. Mbuzi wa kuchoma mwenye chumvi na bourbon ya ngano, hapo hakuna mtu atakayetoka mapema.

Na Koka? Kwa Jim Beam, ruhusa. Kwa Maker's Mark, nitakuja Katuba mwenyewe.

Sista_Kampemba
Samahani nauliza tu, hakuna aliyeuliza. Baba mkwe anakunywa? Maana kama ni Mkimbanguisti, au Mmetodisti wa ile ya zamani, mnampelekea chupa ya dola 40 ya kuangalia.

MkweMpya_Kamalondo
...

Nitauliza.

Katuba_Damu
Kamata popcorn, ndugu zangu.

MkweMpya_Kamalondo (baada ya wiki tano)
Nimerudi kutoa ripoti, maana watu wananiandikia pembeni.

Baba mkwe ni Mmetodisti. Hanywi tangu mwaka 1988. Mchumba wangu alikuwa anajua na hakuniambia, anasema "hukuuliza". Lakini baba alipokea chupa kwa mikono miwili, akaisoma lebo yote, akauliza Loretto iko wapi, nikamwambia ni Kentucky, akasema "vizuri", akaikabidhi kwa kaku, mama yake mzazi.

Jim Beam iliisha kabla ya hotuba ya kwanza. Nusu yake ilikwenda na Koka. Kaka Barmani, nisamehe, sikuweza kuwazuia.

Mjomba alifungua Woodford mbele yangu, akanusa muda mrefu mno, akatia maji kidogo bila mtu kumwambia. Kumbe kweli anajua. Akasema ana wasiwasi na watu wanaoleta whisky nzuri, kwamba huenda wanaficha kitu. Halafu akapunguza suti moja kwenye orodha, ile yake.

Sasa kaku. Ana miaka zaidi ya 80, alipika lutuku Katuba hiyo hiyo miaka ya zamani, akalea watoto saba. Akamwagiwa Maker's Mark kidogo kwenye kikombe cha chai. Akaishika mdomoni kama anahesabu. Kimya. Wote tunamwangalia. Akameza, akasema: "Hii ni lutuku iliyoenda shule." Akasogeza kikombe kiongezwe.

Vieux_Kipushi
Huyo kaku, ningependa kumsalimia.

Mama_Kasumbalesa
Hongera, mwanangu. Chupa mmezivunja?

MkweMpya_Kamalondo
Mbili, mama. Ya Maker's kaku amekataa. Ameiosha, anatia mafuta ya mawese.